Paneli nne, dawa moja: kisa cha kijani kilichobanduka juu ya shaba

Kaunta ilikuwa ya mapokezi, na uso wake wa mbele ulifunikwa kwa paneli nne za bati la shaba nyekundu, unene milimita 0.7, zilizofungwa kwa skrubu juu ya plaiwudi. Mteja alitaka kijani kinachoelekea buluu, kile kinachoonekana kwenye mapaa ya majengo ya kale na kwenye sanamu zilizonyeshewa mvua miaka mingi. Fundi aliyepewa kazi ni mtu wa mabati kwa muda mrefu. Ana mkono mzuri wa kukunja na kulehemu, na vipande vidogo vya shaba alikwisha kuvitia rangi mara nyingi. Siku ya kukabidhi, paneli zote nne zilipendeza hata mteja akapokea kazi bila swali.

Wiki chache baadaye akapigiwa simu. Paneli ya kwanza, ya upande wa mlangoni, ilikuwa inabanduka: ukipitisha ukucha, kijani kinatoka kwa magamba. Ya pili ilikuwa imetoa vidoa vya unga wa kijani hafifu chini ya vanishi, vimejipanga karibu na ukingo wa chini, na vilikuwa vinaongezeka. Ya tatu haikubanduka wala kutoa unga, ila rangi yake ilikuwa imezama, imekuwa kijani cheusi kisicho na uhai. Ya nne ilikuwa vilevile kama siku ilipofungwa.

Aliponiita tuitazame pamoja, alikuwa na swali moja. "Dawa ni ileile, fundi. Nilichanganya ndoo moja, nikapaka zote. Imekuwaje?"

Swali lile ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki. Mafundi wengi wanaoanza kazi ya patina, yaani kijani hiki kinachooteshwa juu ya shaba, hukusanya vipimo vya dawa: chumvi kiasi gani, amonia kiasi gani, siki iwekwe au isiwekwe. Vipimo vina kazi yake. Lakini hapa palikuwa na ndoo moja na matokeo manne, kwa hiyo jibu halikuwa ndani ya ndoo. Nilimwomba aache habari ya vipimo kwanza, anisimulie kila paneli ilipitia nini tangu ilipotoka dukani hadi ilipofungwa kwenye kaunta.

Kabla ya masimulizi yake, tukumbushane kijani hiki ni kitu gani. Si rangi ya kupaka. Ni madini yanayoota juu ya shaba kwa kuila shaba yenyewe. Bati likiachwa nje hutangulia kufanya tabaka jembamba la oksidi, jekundu linaloelekea kahawia. Hilo ndilo linaloifanya shaba mpya ipoteze mng'ao na kuwa na rangi ya udongo. Juu ya tabaka hilo, maji, hewa ya kaboni, salfa iliyomo hewani na chumvi ya bahari hujenga polepole fuwele za kijani: salfeti za shaba mahali penye salfa, kloridi za shaba karibu na bahari, kabonati kidogo hapa na pale. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya kahawia ya shaba, na ilichukua miongo kadhaa kuwa kijani mwili mzima. Kijani chake kimedumu kwa sababu kimeota juu ya oksidi ile nyekundu na kushikana nayo, fuwele kwa fuwele, bila haraka.

Fundi wa patina anajaribu kuifupisha miaka ile iwe siku chache. Inawezekana, na ikifanywa vizuri kazi hudumu. Ila kuna hatua ambazo maumbile huzifanya yenyewe kwa sababu yana muda, na ambazo fundi akiziruka hakuna dawa itakayomfidia. Paneli tatu za kaunta hii, kila moja ilirukiwa hatua yake.

Dawa yenyewe ilikuwa ya kawaida: chumvi ya mezani iliyoyeyushwa kwenye amonia, ikaongezwa siki, ikanyunyizwa juu ya bati, kisha bati likafunikwa kwa plastiki ili mvuke wa amonia usitoke. Chumvi ndiyo inayoleta kloridi, na kloridi ndiyo inayoichokoza shaba itoe kijani. Amonia huyeyusha shaba na kutoa buluu kali, buluu ya kuvutia kuliko zote katika kazi hii. Kuhusu siki nina neno. Siki na amonia zikikutana hupunguzana nguvu, hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi: siki huifanya shaba itoe asetati ya shaba, na asetati ni chumvi inayoyeyuka kwenye maji. Kwa karne nyingi watu waliining'iniza shaba juu ya siki, au waliifukia kwenye makapi ya zabibu yanayochacha, ili wapate unga wa kijani wa kuchorea picha. Huko Montpellier, Ufaransa, kazi hiyo ilifanywa na wanawake kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao. Walichokitaka ni kijani kinachokwanguka kwa urahisi. Sisi tunataka kinyume chake. Kwa maoni yangu siki ina nafasi katika kusafisha shaba, haina nafasi katika kijani cha kudumu.

Hata hivyo, siki ilikuwamo kwenye paneli zote nne, pamoja na ile iliyosalimika. Kwa hiyo haikuwa siki peke yake.

Tulianza na ile iliyobanduka. Nilinyanyua gamba moja kwa kijiti cha mbao na kuangalia chini yake. Shaba ilikuwa inang'aa, rangi ya waridi, kana kwamba imetoka kiwandani jana. Mtu akiona mng'ao huo chini ya patina, maelezo mengine yanakuwa ya ziada: kijani hakikuota pale. Kilitua tu. Dawa ilikaa juu ya bati kama matone, maji yakakauka, chumvi za shaba zikaganda juu ya uso ambao hazikuugusa. Patina iliyoshika huacha alama tofauti. Ukiikwaruza unakuta kwanza tabaka la kahawia lisilong'aa, na shaba yenyewe inaonekana baadaye, tena imeliwa kidogo, ina mikwaruzo midogo ya asidi.

Kilichozuia dawa kuifikia shaba kilijionyesha kwa umbo. Sehemu zilizobanduka zilikuwa mistari mirefu iliyonyooka, yenye upana unaolingana. Matone ya dawa hayachori mistari iliyonyooka. Bati lilikuja na plastiki ya kinga iliyobandikwa, na gundi ya plastiki ile ilibaki kwa mistari. Fundi alikumbuka kwamba paneli ile ndiyo ya mwisho kubanduliwa plastiki, na kwamba aliifuta kwa kitambaa chenye asetoni akaendelea, kwa kuwa muda ulikuwa umembana.

Asetoni huondoa mafuta na gundi nyingi. Haiondoi kila kitu. Mabati mengi ya shaba hupitishwa kiwandani kwenye dawa ya kuzuia yasififie yakiwa ghalani, mara nyingi benzotriazoli, ambayo hushikana na uso wa shaba kwa tabaka lisiloonekana. Tabaka hilo lipo kwa kazi moja tu, kuizuia shaba isibadilike, na hufanya kazi hiyo dhidi ya fundi wa patina kama inavyoifanya dhidi ya hewa. Halitoki kwa kufuta. Linatoka kwa kusugua na kwa asidi: unga wa pumisi (jiwe jepesi la volkano) na maji, au msasa laini wa kulowesha, kisha asidi dhaifu kama ya sitriki, kisha maji mengi.

Jaribio la kujua bati limekuwa safi halihitaji kifaa. Mwagia maji masafi na ulisimamishe. Maji yakitanda yote kwa pamoja bila kupasuka, shaba iko tayari. Yakijikunja na kuwa matone mahali fulani, mahali hapo kijani kitabanduka, leo au mwezi ujao. Baada ya hapo usiliguse kwa mkono mtupu, maana mafuta ya vidole yanatosha kuharibu, na alama ya kidole itaonekana ndani ya patina vizuri kuliko ilivyoonekana juu ya shaba.

Paneli ya pili ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwa sababu ugonjwa wake unaendelea hata mtu asipoigusa. Vidoa vilikuwa vya kijani cheupe, vya unga, vimeinua vanishi kama malengelenge. Vingi vilifuatana na pindo la chini, mahali ambapo bati lilikunjwa kwenda ndani ili ukingo usikate mtu.

Chumvi inapoila shaba, sehemu ya kwanza ya kazi hutokea chini kabisa, karibu na shaba yenyewe, na huzaa kloridi ya shaba ya aina nyingine, nyeupe inayoelekea kijivu, laini kama nta, ambayo haionekani kwa sababu kijani kimeifunika. Hiyo haijatulia. Ikipata maji na oksijeni hugeuka kuwa kijani cha unga, na katika kugeuka hutoa asidi ya haidrokloriki. Asidi inaila shaba mpya, inazaa kloridi nyingine ileile, nayo inasubiri unyevu mwingine. Wahifadhi wa vitu vya kale huuita ugonjwa wa shaba, na wanauogopa kwa haki, kwa sababu kiasi kidogo cha kloridi hujirudia tena na tena. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 40 hivi, ugonjwa hulala. Ukipanda, huamka.

Juu ya uso ulio wazi, mzunguko huo hukamilika mapema: kloridi hugeuka, asidi huoshwa, kijani hutulia. Lakini pindo ni mfuko. Dawa iliingia ndani ya mkunjo, haikuoshwa kwa sababu maji hayafiki huko, na vanishi ikapakwa juu siku ileile aliyofunua plastiki. Halafu kaunta ikawekwa juu ya sakafu inayopigwa deki kila siku, na maji ya deki yakawa yanagusa ukingo wa chini. Chumvi ilifungiwa ndani, unyevu ukaletewa kutoka nje. Vanishi haikuwa kinga hapo. Iliweka kila kitu mahali pamoja na kuzuia kisioshwe.

Fundi aliuliza kama magadi yanaweza kutibu, kwa sababu alisikia kwamba wahifadhi hutumia kitu cha jinsi hiyo. Ni kweli: sodiamu seskwikabonati, ambayo ndiyo madini makuu yaliyomo kwenye magadi, hutumiwa kuvuta kloridi kutoka kwenye vitu vya shaba vilivyochimbuliwa, kwa kuvilowesha muda mrefu na kubadilisha maji. Lakini soda za jamii hii hugusa rangi ya patina pia. Wakati Sanamu ya Uhuru ilipokarabatiwa miaka ya 1980, baikabonati ya soda ilitumika ndani kuondoa lami ya zamani, ikapenya kwenye maungio hadi nje na kuacha michirizi juu ya kijani. Kwa kitu cha makumbusho ambacho kinaokolewa kisiishe, mabadiliko ya rangi yanaweza kuvumilika. Kwa paneli ambayo thamani yake yote ni rangi, ni bora kuanza upya.

Tukaja kwenye ya tatu, iliyozama. Hapa nilidhani kwanza ni vanishi nzito, kwa sababu vanishi yoyote hutia patina giza. Kijani kile kinaonekana chepesi kwa sababu fuwele zake ni unga, na katikati ya fuwele kuna hewa. Mwanga unagonga mpaka wa fuwele na hewa na kurudi umetawanyika. Ukiijaza nafasi ile kwa vanishi, nta, mafuta au hata maji, mwanga unapenya ndani zaidi, unafika kwenye kahawia ya chini, na rangi inakuwa nzito. Ndiyo maana kabla ya kufunga patina yoyote napendekeza kona moja iloweshwe kwa maji. Rangi ya pale palipoloa ndiyo takriban rangi ambayo mteja atabaki nayo, na hiyo ndiyo aonyeshwe na kuikubali.

Lakini paneli ya tatu haikuzama siku ya kwanza. Ilizama taratibu, na giza lilikuwa kubwa katikati, kwa urefu ambao mkono wa mtu aliyeinama kidogo hufikia, huku pembe za juu zikibaki na kijani chepesi. Umbo tena ndilo lililosema. Vanishi ilikuwa imekaribia kuisha alipofika paneli hii, akaipulizia tabaka moja jepesi akitegemea kwamba litatosha. Halikufunga, liliacha uso wenye matundu. Nao wafanya usafi, kwa nia njema kabisa, walikuwa wanaifuta kaunta nzima kila asubuhi kwa mafuta ya kung'arisha samani. Paneli nyingine ziliyakataa mafuta. Hii iliyanywa.

Tulithibitisha kwa kuweka kipande cha pamba chenye asetoni juu ya sehemu ndogo kwa muda, kisha kuiacha ikauke. Kijani kilirudi, si chote, lakini cha kutosha kuonyesha kwamba madini yenyewe hayakubadilika. Kati ya tatu zilizoharibika, hii peke yake ndiyo iliyokuwa na patina nzima.

Ikabaki ya nne. Hapa ndipo masimulizi yalipokuwa na faida, kwa sababu kwa kuitazama tu nisingejua. Paneli ya nne haikutengenezwa pamoja na wenzake. Ilikuwa bati la majaribio. Alikuwa ameisugua sana kwa sababu ilikuwa na mikwaruzo ya zamani, na alikuwa ameipaka kwanza dawa ya salfa ili iwe kahawia, hakuipenda, akanyunyizia dawa ya kijani juu yake. Ikalala kwenye kona ya karakana muda mrefu wakati anasubiri mteja aamue. Katika kulala kule ilipigwa na unyevu wa usiku na ukavu wa mchana mara nyingi, akaimwagia maji kuondoa vumbi zaidi ya mara moja, na kilichokuwa hakijashika kikatoka chenyewe. Bati moja lilipopungua kwenye kazi, akalipiga vanishi na kulifunga. Aliliweka upande wa mwisho, mbali na mlango, kwa sababu rangi yake ilikuwa imepoa, imeelekea kijani zaidi kuliko buluu, na aliona haling'ai kama wenzake.

Kupoa kule ndiko kulikuwa ukomavu wake. Buluu kali ya amonia inategemea amonia iliyoshikana na shaba, na amonia huondoka kadiri kitu kinavyokauka. Inapoondoka, rangi hurudi kijani. Paneli tatu za mbele zilipigwa picha zikiwa bado na amonia ndani, mteja akazikubali kwa buluu hiyo, na hata zisingeharibika zisingebaki vile.

Kwa hiyo bati la majaribio lilipewa, bila mtu kukusudia, kila kitu ambacho wenzake walinyimwa: uso uliosuguliwa hadi shaba tupu, tabaka la kahawia la kushikia, maji ya kuosha chumvi, unyevu wa kumaliza mzunguko wa kloridi kabla ya kufungwa, na muda wa amonia kuondoka. Dawa ilikuwa ileile. Niliposema hivyo fundi alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo nakubaliana nalo kabisa: kwamba mteja alipoomba kazi iishe haraka, alichopunguza yeye kilikuwa siku za kusubiri, kwa sababu siku hizo zilionekana kama siku ambazo hakuna kazi inayofanyika.

Namna tulivyoirekebisha nitaieleza kwa ufupi pale palipo pepesi na kwa urefu pale panapohitaji.

Paneli ya tatu ilivuliwa vanishi kwa asetoni, ikaloweshwa na kukaushwa mara kadhaa mpaka kitambaa cheupe kikatoka bila mafuta. Haikuhitaji zaidi ya hapo. Ya kwanza ilivuliwa yote hadi shaba: asetoni, asidi ya sitriki kwa brashi, maji, pumisi, maji tena, mpaka maji yakatanda. Ya pili tuliiacha. Bati lenye chumvi ndani ya pindo haliaminiki hata likioshwa vipi, na gharama ya bati jipya ni ndogo kuliko kurudi tena. Bati jipya halikukunjwa. Ukingo wake wa chini ulifunikwa kwa utepe wa shaba wa kahawia uliofungwa kwa skrubu za shaba njano, na kaunta ikainuliwa kidogo kutoka sakafuni ili deki isiifikie.

Kuhusu njia ya kijani, kulikuwa na chaguo la nitrati ya shaba kwa moto: bati linapashwa kwa tochi ya gesi na dawa inapakwa ikiwa inachemka juu yake. Ni njia nzuri, haina kloridi, na kijani chake hushika haraka. Inafaa sanamu na vitu vya shaba nene. Bati la milimita 0.7 lenye upana wa paneli hupinda likipashwa upande mmoja, na likishapinda halirudi kuwa bapa. Tukabaki na njia ya baridi, tukijua hatari yake.

Kahawia ilitangulia. Dawa ya salfa ya potasiamu ilichanganywa hafifu sana kwenye maji ya vuguvugu na kupakwa kwa sifongo, ikaoshwa mara rangi ilipofika ile ya gome la mti. Ikiachwa iwe nyeusi, tabaka linakuwa nene na lenyewe hubanduka. Dawa hii haitakiwi kukutana na asidi, kwa kuwa hutoa hewa ya haidrojeni salfidi, yenye sumu. Kwa hiyo bati lililotoka kwenye asidi lioshwe kikamilifu kwanza. Na kwa kuwa tupo kwenye sumu: fundi alikuwa ameshauriwa na mtu aongeze dawa ya klorini ya kufulia kwenye amonia ili kijani kije haraka. Asithubutu mtu. Mchanganyiko huo hutoa hewa inayounguza mapafu, na katika chumba kilichofungwa unaweza kuua. Amonia peke yake inataka madirisha wazi, glavu na miwani.

Kisha kijani. Siki ilitolewa. Chumvi ya amonia, yaani kloridi ya amonia, iliyeyushwa hafifu na kupulizwa kwa ukungu mwembamba kiasi kwamba matone hayakugusana. Hapa subira inaonekana kama uzembe kwa anayetazama, kwa sababu mara ya kwanza karibu hakuna kinachotokea. Bati linaachwa likauke. Linapulizwa tena. Matone yakiungana yanatiririka, na mtiririko huacha mchirizi usiofutika, kwa hiyo bati hulazwa. Kijani kilianza kama vumbi, kikajazana, na kila safari kilikuwa kimeshikana na cha chini yake. Ukipaka kwa wingi mara moja unapata unene uleule kwa macho, ila ni unene uliokaa juu juu.

Rangi ilipotosha tuliacha kupaka, tukaanza sehemu ambayo fundi aliiruka mara ya kwanza. Mabati yalikaa wazi, yakawa yanafunikwa usiku kwa plastiki yenye kitambaa kibichi ndani na kufunuliwa mchana. Lengo lilikuwa kuuamsha ugonjwa makusudi. Kama kuna kloridi inayosubiri chini, ijitokeze sasa, wakati bado inaweza kuoshwa. Vidoa vichache vilitokea kweli, hafifu, vikaoshwa kwa maji yaliyokenekwa (maji ya mvuke uliopozwa) na brashi laini. Maji ya mwisho ya kuoshea tuliyapima kwa tone la nitrati ya fedha: yakiwa na kloridi hufanya wingu jeupe. Kipimo hiki kinataka maji yaliyokenekwa, kwa sababu maji ya bomba yana kloridi yake na yatafanya wingu hata bati likiwa safi. Mabati yalioshwa mpaka wingu likatoweka, yakakaushwa kabisa, na utepe wa gundi ukabandikwa na kuvutwa sehemu mbalimbali. Ulitoka na vumbi kidogo mara ya kwanza, kisha ukatoka mtupu.

Vanishi tuliyotumia ni ya akriliki yenye benzotriazoli, aina iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shaba. Ni dawa ileile iliyokuwa adui kwenye bati la kiwandani, na hapa ni rafiki, kwa sababu sasa tunataka shaba ibaki ilivyo. Ilipulizwa kwa matabaka membamba, kila moja likikauka kabla ya linalofuata, sawasawa kwa paneli zote, na juu yake nta. Kabla ya hapo mteja aliitwa aone kona iliyoloweshwa. Alisikitika kidogo kuikosa buluu ya mwanzo. Tulimwonyesha paneli ya nne, tukamweleza kwamba hiyo ndiyo rangi ambayo zote zitakuwa nayo, akaikubali.

Zimebaki tofauti ndogo kati ya paneli. Ile ya bati la majaribio ina mabaka makubwa zaidi, mpya zina chembe ndogondogo. Sikushauri zilinganishwe kwa kuongeza dawa, kwa sababu kila nyongeza juu ya patina iliyotulia ni chumvi mpya ya kuoshwa upya. Wafanya usafi wamepewa kitambaa kikavu na maji matupu, na mafuta ya samani yameondolewa kwenye kazi ya kaunta hiyo. Ukingo wa juu, ambapo watu huegemeza mikono wakisubiri kuhudumiwa, haukutiwa kijani kabisa. Umeachwa kahawia na kupakwa nta, kwa kuwa jasho la mikono lina chumvi na msuguano wa kila siku utaimaliza vanishi hapo kwanza. Kahawia inaweza kupakwa nta tena pasipo kuvua chochote.